Mume anayenyamaza si lazima awe na mwanamke mwingine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu ushauri uliotolewa juzi katika safu yenu ya mahusiano. Msomaji mmoja wa kike kutoka Makambako aliandika kwamba kila wakigombana na mumewe, mume ananyamaza. Hapigi, hatukani, hafungashi nguo. Anachukua jembe anakwenda shambani hata kama jua linazama, au anajilaza akitazama ukuta, na kimya hicho kinaweza kumaliza wiki. Mke naye, kadiri mume anavyonyamaza ndivyo anavyozidi kusema. Anamfuata hadi mlango wa bafu. Anampigia simu kazini mpaka wenzake wanamcheka. Aliuliza afanye nini, akajibiwa kwamba mwanaume akinyamaza nyumbani ujue ameshapata pa kusemea, na kwamba akilala amkague simu.

Mhariri, jibu hilo limeniumiza. Naamini mama huyo ameshaikagua simu, na iwe amekuta kitu au hajakuta, nyumba yake leo iko pabaya kuliko siku aliyowaandikia.

Mimi ni matroni mstaafu. Kazi yangu yote niliifanya katika mabweni ya shule za msingi mkoani Iringa, na nimestaafia hapa Mafinga. Tangu nistaafu, usharika wetu umekuwa ukiniita kukaa na wanandoa wenye migogoro, pamoja na mchungaji na wazee wenzangu. Kwa hiyo watu nimewaona wakiwa na miaka saba, wameshika ndoo na godoro, na nawaona wakiwa na miaka arobaini, wamekaa kwenye benchi la ofisi ya usharika, mmoja mwanzo na mwingine mwisho, katikati nafasi ya kutosha watu watatu. Nasema bila kusita kwamba yale niliyoyaona bwenini ndiyo ninayoyaona kwenye benchi lile.

Anayetaka kumjua mtoto asimtazame siku anayoachwa shuleni. Siku hiyo karibu wote wanalia, na kilio hakikwambii kitu. Amtazame Jumapili ya wazazi kuja kutembelea, pale mama anapoingia getini. Kuna mtoto anakimbia, anajitupa kifuani kwa mama, analia kidogo, halafu baada ya muda mfupi anamvuta mkono akamwonyeshe kitanda chake na rafiki yake. Huyo hana neno. Kuna mwingine anamng'ang'ania mama, papo hapo anampiga ngumi, hataki chapati alizoletewa, hataki kushushwa, na mama akigeuka tu kusalimiana na mwalimu, kilio kinaanza upya. Na kuna wa tatu. Huyu anakuja polepole, anasema "shikamoo mama", anapokea mfuko na kuanza kuhesabu maandazi. Walimu wanamsifu kwamba amekomaa, hasumbui. Mama mwenyewe anaondoka akiwa na furaha nusu, maana anajiuliza kama mtoto alimkumbuka.

Mimi ndiye niliyekuwa napita na tochi usiku wa Jumapili hizo. Namkumbuka kijana mmoja wa darasa la pili, mwezi wa sita, baridi ya Mafinga ile ya umande kuganda kwenye majani. Mchana hakumtazama mama yake usoni hata mara moja. Usiku nilimkuta macho makavu, hajalala, ameingiza uso wote kwenye mfuko wa plastiki ulioletwa na maandazi. Maandazi alishawagawia wenzake. Nilipouvuta nilielewa, kwa sababu mfuko ulikuwa unanuka moshi wa jikoni kwao. Sikumnyang'anya. Nilikaa pembeni ya kitanda mpaka pumzi zake zikatulia.

Miaka yote ile sikujua kwamba kuna wataalamu waliolishughulikia jambo hili kwa vipimo. Nilijua baada ya kustaafu, mtoto wa dada yangu anayesoma saikolojia aliponiletea madaftari yake na kunisomea jioni hadi jioni. Daktari wa akili wa Uingereza, John Bowlby, ndiye aliyeanza kusema kwamba mtoto anahitaji mtu wake wa kumkimbilia kama anavyohitaji chakula, na kwamba haja hiyo haitokani na maziwa peke yake. Aliyekwenda kutazama kwa macho ni mwanasaikolojia Mary Ainsworth, na hakuanzia Ulaya wala Marekani. Alifika Uganda mwaka 1954, akawa anazitembelea familia 26 katika vijiji vya jirani na Kampala. Alikaa sebuleni kwa watu, akaangalia mama akitoka mtoto anafanya nini, na akirudi anafanya nini. Kitabu chake kuhusu watoto wale wa Kiganda kilitoka mwaka 1967. Baadaye akiwa Baltimore, Marekani, alitengeneza jaribio la chumbani: mtoto wa mwaka mmoja hivi anaachwa na mama kwa dakika chache, mama anarudi, na watafiti wanaangalia zaidi namna mtoto anavyompokea. Akayakuta makundi yaleyale niliyokuwa nayaona getini.

Nalisema hili mapema kwa sababu najua kuna watakaosema haya ni mambo ya Wazungu. Msingi wake uliwekwa kwa akina mama wa Afrika Mashariki, watu wa matoke na migomba kama wenzetu wa Rungwe.

Kuhusu yule mtoto wa tatu, asiyelia, watafiti walifanya jambo ambalo mimi na tochi yangu nisingeliweza. Walipima mapigo ya moyo ya watoto wa namna hiyo wakati mama ametoka. Mtoto usoni ametulia, anachezea kitu chake, lakini moyo unakwenda mbio kama wa yule anayelia. Naomba msomaji wa Makambako alisome hili mara mbili. Mtu anaweza kukaa kimya akitazama ukuta huku ndani anakimbia.

Sasa tuje kwa watu wazima. Mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver wa Marekani walitoa matokeo ya kazi iliyofanyika gazetini. Walichapisha dodoso katika gazeti la Rocky Mountain News la mji wa Denver, wakawaomba wasomaji wachague maelezo yanayofanana nao katika mapenzi, wakayachambua majibu 620. Asilimia 56 walijitambua kuwa watu waliotulia: wanamkaribia mwenzi bila shida na hawahangaiki kila saa kwamba wataachwa. Asilimia 25 walikuwa watu wa kujitenga, ambao mwenzi akisogea sana wanaona wanabanwa. Asilimia 19 walikuwa watu wa hofu, wanaotaka kuwa karibu kuliko mwenzi anavyoweza kuwapa, na wanaoona dalili za kuachwa hata pasipo na dalili. Wasomaji waliojitolea kujibu gazeti si nchi nzima, lakini tangu hapo utafiti mwingi umefuata, na unakubaliana katika jambo moja kubwa: waliotulia wanaridhika zaidi na uhusiano wao, wa hofu na wa kujitenga wanaridhika kidogo. Wa hofu wanaumizwa na ugomvi usioisha. Wa kujitenga wanaumizwa na ubaridi, na huo ubaridi kwa kawaida unakula kuridhika kwa mtu kuliko hata ugomvi.

Kuna jaribio la Jeffry Simpson na wenzake, la mwaka 1992, ambalo nikisomewa nilimwambia mtoto wa dada yangu arudie. Walileta wapenzi 83, wawili wawili. Mwanamke akaambiwa kwamba muda si mrefu atafanyiwa jambo la kuogofya, kisha wawili hao wakaachwa kwenye chumba cha kusubiri huku wanarekodiwa bila wao kujua. Wanaume waliotulia, kadiri mwanamke alivyozidi kuogopa ndivyo walivyozidi kumfariji. Wanaume wa kujitenga walikwenda kinyume: hofu ya mwanamke ilipopanda, faraja yao ilipungua. Mhariri, hiyo ndiyo ndoa ya Makambako. Mke anapandisha sauti ili asikiwe, na kila anapopandisha, mume anarudi nyuma hatua nyingine.

Nitoe mfano wa hapa kwetu. Wahusika wameniruhusu, na nimebadilisha yanayoweza kuwatambulisha. Mume anafanya kazi kwenye mashine za dingdong za kupasua mbao, kambi zao zikihama huku na huku katika misitu ya Sao Hill. Wazazi wake walifariki Makete akiwa mdogo, akalelewa na bibi, bibi akafariki, akapelekwa kwa baba mdogo Njombe, kisha kwa mjomba. Kila alikofika alijifunza kutosumbua. Mke ametoka Kilolo. Mama yake alikuwa akifanya kazi za ndani Dar es Salaam, anarudi likizo na nguo mpya, halafu asubuhi moja hayupo, kwa sababu watu wazima waliona ni heri aondoke mtoto akiwa amelala ili asilie.

Walipokuja kwetu, mke alikuwa ameshapanda bodaboda hadi kambini usiku wa mvua, kwa kuwa mume alizima simu. Hakukuta mwanamke. Alikuta wanaume wanaota moto na mumewe amekaa pembeni peke yake. Fedheha ile mume hakuisamehe, akahamishia blanketi lake kambini moja kwa moja.

Katika kikao cha kwanza wazee wenzangu walianza kwa desturi: mama vumilia, baba rudi nyumbani, tuombe. Mimi niliomba kwanza kila mmoja aseme ni nini kinampata mwilini wakati ugomvi unaanza. Mume alikaa muda mrefu. Halafu akasema, "Akianza kupaza sauti masikio yanaziba. Naogopa nikifungua mdomo nitasema naondoka, na mimi sina pa kwenda." Mkewe aligeuka akamtazama kama mtu aliyesikia habari ya msiba. Katika miaka yote waliyoishi pamoja, alikuwa akiamini kimya kile ni cha mtu asiyejali. Naye akaeleza kwamba simu ikizimwa, anakuwa yule mtoto aliyeamka akakuta kitanda cha mama kitupu, na hawezi kujizuia, vidole vinabonyeza vyenyewe.

Tuliwapa utaratibu mdogo sana. Mume haruhusiwi kuzima simu wala kutoka bila kutaja saa atakayorudi kwenye mazungumzo. Akisema "nitakupigia saa mbili usiku", ni saa mbili, na kama kambi haina mtandao apande kilimani. Mke haruhusiwi kupiga kabla ya saa hiyo. Mwanzoni ilikuwa mateso kwa wote wawili. Mume alisahau, mke akapiga, wakarudi kwetu wamenuna. Wanagombana mpaka leo. Lakini blanketi limerudi nyumbani, na mke aliniambia jambo nililolipenda, kwamba siku hizi ikifika saa moja na nusu tumbo halimuumi tena.

Kuna jingine linalonisumbua kuhusu vikao vyetu, vya kanisani na vya ukoo. Tunapima ndoa kwa miaka. Mtu akifikisha miaka ishirini anapewa keki na vigelegele, hakuna anayeuliza kama wanaongea. Lee Kirkpatrick na Keith Davis walifuatilia jozi 354 za wapenzi nchini Marekani kwa miaka mitatu, wakatoa matokeo mwaka 1994. Hawakukuta jozi ya watu wawili wa hofu wala ya wawili wa kujitenga. Wa hofu na wa kujitenga walikuwa wameangukiana. Na pale mwanamke alipokuwa wa hofu na mwanaume wa kujitenga, wote wawili walisema uhusiano hauwaridhishi, lakini walidumu kwa namna iliyowashangaza watafiti. Wale hawakuwa hata wanandoa, hawakuwa na mahari wala wajomba wa kuwazuia kuachana. Fikirieni huku kwetu, ambako kuna watoto, shamba la chai, na mama mkwe nyumba ya jirani. Watu wanaweza kudumu wakiwa na njaa ya mapenzi mpaka wakazikana, na sisi tukasimama makaburini kuwasifu kwa uvumilivu.

Nina uchungu zaidi na kizazi kimoja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011 hadi 2012 ulionyesha kuwa Njombe asilimia 14.8 ya watu wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na virusi vya Ukimwi, wakati kitaifa ilikuwa asilimia 5.1. Miaka ya kabla ya hapo, dawa zilipokuwa bado adimu, vijiji vya Makete na Ludewa vilibaki na bibi na wajukuu. Wajukuu wale sasa ndio waume na wake. Ndio wanaojenga Makambako, wanaouza viazi Igawa, wanaoendesha malori kwenda Tunduma. Nasikia watu wakisema "usiolewe na mtoto wa bibi, kadekezwa". Ni maneno mabaya na si ya kweli. Hata Uganda, Ainsworth aliwaona watoto wanaolelewa na mikono mingi. La muhimu ni mtoto awe na mtu anayemwitikia, na bibi aliyebaki hai na kumwitikia mjukuu alimfanyia kazi hiyo vizuri kama mama. Kilichowaumiza wengi ni kuhamishwahamishwa, kila msiba nyumba mpya, na kuambiwa wasilie kwa sababu wageni watasikia.

Wala hii si hukumu ya maisha. Everett Waters na wenzake walitoa mwaka 2000 matokeo ya kuwafuatilia watu tangu wana mwaka mmoja hadi kufikia miaka ya ishirini na kitu. Kati ya 50 waliopatikana tena, asilimia 72 walikuwa katika hali ileile, ya kutulia au ya kutotulia. Waliobaki walikuwa wamebadilika, na mabadiliko yalionekana zaidi kwa waliopatwa na mambo mazito utotoni, kama kufiwa na mzazi au wazazi kuachana. Kama msiba unaweza kumtikisa mtu aliyetulia, mwenzi anayetimiza ahadi ya saa mbili usiku, mwezi baada ya mwezi, anaweza kumtuliza aliyetikiswa. Hilo la mwisho nalisema kwa niliyoyaona kwenye benchi letu, na wataalamu pia wanakubali kwamba mtu hupata utulivu ukubwani kupitia uhusiano mwema.

Nisieleweke vibaya. Wapo waume wanaonyamaza kwa sababu kweli wana nyumba nyingine, na wapo wanaotumia kimya kama fimbo ili mke anyenyekee. Anayepigwa asikae kuchunguza utoto wa anayempiga, aende polisi kwenye dawati la jinsia. Ninachokataa ni gazeti linalosomwa kutoka Ruaha hadi Kyela kuwapa wanawake jibu moja tu kwa kimya cha aina zote.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba mfanye walichofanya wenzenu wa Denver. Chapisheni maelezo matatu mafupi katika ukurasa huohuo wa mahusiano, kwa Kiswahili cha watu. La kwanza la mtu anayesema: naweza kumwegemea mwenzangu naye akaniegemea, na akichelewa nafikiri amechelewa tu. La pili: nampenda, lakini akinisogelea sana au akitaka niseme ya moyoni natafuta kazi ya kufanya nje. La tatu: hata akiwa amekaa hapa naogopa ataondoka, na akinyamaza siwezi kutulia mpaka aseme kitu. Msomaji achague moja, aeleze kama ni mwanamume au mwanamke, yuko kwenye ndoa au la, nani alimlea, na kama anaridhika na uhusiano alionao. Asiandike jina. Mumtafute mhadhiri wa saikolojia achambue majibu na kuyaeleza wiki zinazofuata, na yeye ndiye akae na mwandishi wenu wa safu wanapojibu barua kama ile ya Makambako.

Wengi huku hawana bando la kutuma majibu. Nimeshaongea na mchungaji wetu, na amekubali tuweke sanduku mlangoni Jumapili baada ya ibada. Mama mmoja anayeuza mbogamboga soko la Mafinga amesema ataweka jingine mezani kwake kwa ajili ya wasiosali kwetu. Mkiyachapisha Jumatano, gazeti linatufikia mchana wa siku hiyohiyo kwa mabasi yatokayo Dar. Majibu nitayafunga mwenyewe kwenye bahasha na kuyatuma kwa basi la Jumatatu asubuhi, nauli ya kifurushi nitalipa.

Matroni mstaafu,
Mafinga, Iringa.